Orrin Haddix na Shimo Lisilo Lake

Wasifu wa marehemu Orrin Delmas Haddix, 11 Machi 1938 hadi 14 Oktoba 2014. Umeandikwa na mkewe Arvella na kusomwa naye kaburini, kilimani Sorrel Fork, Ijumaa tarehe 17 Oktoba.

Ndugu na majirani mliopanda kilima hiki na viatu vyenu vya kanisani, karatasi hizi mmegawiwa baada ya jeneza kutua chini, si mlangoni. Nimefanya makusudi. Sababu mtaiona mbele kidogo, na yupo mmoja wenu ambaye ataiona kabla ya wengine.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 11 Machi 1938, katika bonde la Turkey Run, mtoto wa tatu wa Lonzo Haddix na mkewe Retha. Theluji ilikuwa imefunika madirisha, na mkunga ilibidi aingie kwa dohani. Hivyo ndivyo alivyonisimulia mama mkwe, naye alikuwa mlokole, kwa hiyo chukueni kama ilivyo. Mtoto alikuwa na ratili nne tu. Walimweka ndani ya boksi la viatu juu ya mlango wa jiko ulioachwa wazi, akaiva vizuri. Alipotimiza wiki moja, baba yake aliangusha kikaango cha chuma sakafuni, na watoto wengine wote wakalia. Orrin alicheka. Tangu hapo ukimtaka anyamaze ulikuwa unagonga chuma na kijiko.

Alisoma shule ya chumba kimoja ya Buck Branch kuanzia mwaka 1944 hadi 1952, akamaliza darasa la nane. Mwaka 1949 kengele ya shule ilipasuka, na mwalimu wao, Bi Thedra Cogar, akawa anaita watoto kwa kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Orrin, mwenye miaka kumi na mmoja, alichukua diski ya jembe la trekta iliyokuwa imetupwa, akaitundika kwenye mti wa hikori kwa kipande cha mkanda wa ngozi, akampa mwalimu nyundo. Ililia hivi kwamba ng'ombe wa kaunti jirani walijipanga mstari. Bi Thedra akamwambia, "Haddix, hesabu zako ni za kusikitisha, lakini hii ni kazi ya mtu." Hicho ndicho chuma chake cha kwanza kuning'iniza. Naomba mkikumbuke kile kipande cha mkanda.

Tarehe 6 Februari 1956 aliajiriwa karakana ya mgodi kama fundi wa kuchomelea, na alikaa hapo miaka thelathini na saba. Kazi yake ilikuwa kufufua mashine zilizovunjika chini ya ardhi. Jioni alirudi nyumbani na vipande vya chuma ambavyo msimamizi alimruhusu kuchukua, na mikanda ya mpira iliyochakaa ya kusafirishia makaa. Kwa vitu hivyo alitengeneza shabaha za bembea za bunduki ndogo, zile za risasi za ishirini na mbili, risasi isiyozidi ncha ya kidole cha mwisho. Alitengeneza za mviringo, za umbo la kindi, za umbo la bata mzinga. Ukizipiga zilikuwa zinayumba na kulia, kila moja na sauti yake, na Orrin alizijua zote akiwa ameupa mgongo uwanja.

"Ya tatu kutoka kushoto," angesema, huku anakoroga kahawa. "Na ameipiga pembeni."

Zipo kanuni mbili ambazo hakuzivunja hata mara moja. Ya kwanza, mkanda aliufunga nyuma ya bamba, kamwe si mbele. Bamba likining'inia hivyo, uso wake unainama kidogo kama mtu anayesali, na risasi ikigonga na kupasuka, makombo yake yanakwenda chini udongoni. Ya pili, kila bamba aliliandika usoni kwa rangi nyeupe: 22 TU. Kwa sababu bunduki kubwa ya kuwindia kulungu hailii kwenye chuma kile laini. Inakichimba.

Na hakuuza wala kugawa bamba kabla ya kulijaribu kwa mashuka yangu. Ndiyo, yangu. Alisimamisha fremu ya mbao kulizunguka bamba, akatandaza shuka jeupe kushoto, kulia na mbele, kisha akapiga risasi mia kupitia tundu dogo. Baadaye alihesabu mahali makombo yalipotoboa. Yakipita juu ya goti, bamba lilirudi karakana. Mama yangu aliponitembelea akayaona kwenye kamba, aliniuliza, "Arvella, mumeo analala na miiba?"

Tulikutana Agosti 1959 kwenye ua wa baba yangu, ambako Orrin alikuja kuonyesha shabaha sita za bembea. Alipiga nne. Mimi nikapiga zote sita.

"Binti," akasema, "umefumba jicho gani?"

"Lile lililokuwa linakutazama wewe. Lilikuwa linanikosesha."

Aligeuka mwekundu mpaka kwenye viganja. Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 4 Juni 1960, tukala kuku wa kukaanga na mkate wa mahindi, na Mungu akatupa Dorsey na Lenora. Katika miaka hamsini na minne aliniinulia sauti mara moja tu, nyigu alipoingia ndani ya suruali yake, na hata hapo alisema tafadhali.

Mwaka 1971 Klabu ya Shabaha ya Sorrel Fork ilianzishwa. Tuta la udongo lililo nyuma ya uwanja, Orrin alilijaza kwa koleo, jioni arobaini na moja. Jina lake lilichongwa kwenye ubao wa waanzilishi pale langoni, mstari wa pili. Mstari wa kwanza lilichongwa la mwenyekiti, Clovis Ratliff, ambaye kazi yake siku zile ilikuwa kushika kikombe cha kahawa. Clovis bado ni mwenyekiti. Clovis amesimama hapa mbele yenu, upande wa kushoto wa jeneza, miguuni, mahali nilipomweka.

Sasa tufike tarehe 4 Julai 1979, sikukuu ya uhuru.

Jioni ya tarehe tatu Orrin alitundika bamba kubwa la wanaoanza, pana kama sinia, ratili thelathini na sita, lile ambalo ukilipiga linayumba kidogo tu kama mtu anayeitikia salamu. Alilitundika uso mbele, mkanda nyuma, maandishi yakisomeka. Nilikuwepo, nilimshikia tochi. Asubuhi alikwenda mgodini, maana mafundi hufanya kazi siku ambayo mashine zimelala. Saa mbili na dakika chache nilikuwa naanika nguo, nikasikia mlio mmoja kutoka uwanjani. Mmoja, mzito, wenye kifua. Bunduki ndogo inakohoa. Ile ilinguruma. Na wiki ile ile Clovis alikuwa amenunua bunduki mpya ya kulungu, akawa anaitembeza dukani kama bibi harusi.

Saa saba mchana kaunti nzima ilikuwa pale na maharage yake na pai zake. Mchungaji Estel Pruitt aliomba, kisha akapiga risasi ya kwanza, kama kila mwaka. Bamba likamjibu. Kombo la risasi lilirudi likampasua mdomo wa juu na kuondoka na pembe ya jino la mbele. Alipona, lakini tangu siku ile hakuweza kutamka "s" bila kupiga mluzi. Kila alipofika kwenye jina la Yesu mbwa wote wa bonde waliingia kanisani wakakaa mbele. Alibatiza wawili kwa bahati mbaya kabla hajafariki mwaka 1996.

Orrin alifika na nguo zake za kazi akakuta damu kwenye kitambaa cha meza. Bamba halikuwepo. Clovis alikuwa amekwisha kulitoa.

"Nimelitupa bwawani," Clovis akasema mbele ya watu wote, "lisije likaua mtu. Orrin, rafiki yangu, nilikuambia vyuma vyako ni vibovu."

"Hukuniambia kitu," Orrin akasema.

"Nilikuambia moyoni."

Nikasimama nikasema, "Clovis Ratliff, leo asubuhi nimesikia bunduki ya kulungu uwanjani."

Akanicheka. "Arvella, mama, umesikia fataki. Leo ni Julai nne."

Watu wakacheka naye. Nanyi wengine mliocheka mko hapa, nawaona, msitazame viatu.

Wiki iliyofuata klabu ilimfukuza Orrin, na Clovis akachukua patasi akakwangua mstari wa pili kwenye ubao. Mtu aliyelijenga tuta akakatazwa kulikanyaga. Dukani walimpokea kwa kugonga vikombe vyao na vijiko, ting, ting, kisha wanainama chini ya meza. "Haddix, umetuletea kofia za chuma?" Clovis ndiye aliyetunga ule utani kwamba bamba la Haddix ukilisalimia linakurudishia kofi. Orrin alikuwa anachukua sukari yake na kuondoka. Alikuwa ameuza mabamba mia mbili na kumi. Watu sitini na tatu walikuja kuyabwaga uani kwetu bila hata kushuka garini.

Mimi nilifanya nililoweza. Nilimpa jogoo wangu jina la Clovis, na siku ya Krismasi nikamchinja. Mwaka uliofuata nikapata Clovis wa Pili. Sijaruka mwaka. Wengine walikuwa wagumu kutafuna, lakini nilivumilia.

Yeye Orrin alifanya jambo ambalo lilinichoma zaidi ya fedheha yote. Alijishuku. Miaka tisa. Alitengeneza bamba lingine pacha wa lile, akalipiga kwa kila pembe, asubuhi, kwenye mvua, kwenye barafu, na mashuka yote ya nyumba hii yakawa nyavu. Risasi elfu kumi na moja, na hakuna tundu hata moja lililopita goti. Bado alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda ananiuliza, "Vella, nilikosea wapi?" Nilimjibu kwamba hakukosea. Alinitazama kama mtu anayehurumiwa.

Kiangazi cha 1988 mvua haikunyesha kwa muda mrefu hivi kwamba vyura walisahau kuogelea. Bwawa la klabu likakauka. Tarehe 9 Agosti tulikwea ua wa klabu, tukiwa na umri wetu, tukaingia kwenye tope lililopasuka, na Orrin akaona ukingo wa chuma. Tulilichimba kwa mikono. Nyuma kulikuwa na uvimbe. Tukaligeuza. Usoni, juu ya neno TU, kulikuwa na shimo. Orrin alitia kidole chake cha shahada kikazama mpaka kwenye ukucha, na chini kabisa akakwangua kipande cha shaba. Risasi ya ishirini na mbili tuliyokuwa tunapiga sisi ni ya madini ya risasi peke yake, haijavikwa shaba. Na kwenye ule uvimbe wa nyuma, upande wa mkanda, kulikuwa na doa la kijivu la risasi ya mchungaji.

Ndipo tukaelewa kila kitu tukiwa tumepiga magoti topeni. Clovis aliijaribu bunduki yake mpya kwenye bamba lililoandikwa wazi lisipigwe. Alipoona amelichimba, alilifungua akaligeuza uso nyuma ili shimo lisionekane, akafunga mkanda mbele. Upande uliowaelekea wapigaji ukatazama mbinguni badala ya kuinama, ukiwa na uvimbe katikati, na mchungaji akapokea jibu.

Orrin alikaa kwenye tope. Alisema, "Kumbe nilifunga sawa." Basi. Kisha akalia, na nilimwacha alie.

Nilitaka kwenda kwa Clovis saa ile ile, na tope langu. Orrin alinishika mkono. Nadene, mke wa Clovis, alikuwa na kansa, na Clovis ndiye aliyekuwa anamlisha kwa kijiko.

"Niapie hutasema, Vella."

"Mpaka lini?"

"Nikiwa hai."

Nikaapa. Nadene alifariki Machi 1989, Mungu amrehemu, hakuwa na kosa ila mume. Orrin hakunifungua kiapo. Alisema jambo limekwisha poa. Kwangu halikupoa hata siku moja, nilikuwa nalipasha moto kila asubuhi pamoja na mkate na mchuzi. Lakini sikusema. Miaka ishirini na sita sikusema, na wote mnaojua mdomo wangu mnajua hiyo ni kazi kubwa kuliko lile tuta.

Mwaka 1993 marehemu aliacha kazi kwa sababu ya mapafu, ugonjwa wa vumbi la makaa. Kuanzia 2011 alivuta hewa kwa mpira kutoka kwenye mtungi. Aliendelea kutengeneza vibembea vidogo mezani jikoni, vya ukubwa wa dola ya fedha, akavipuliza kwa mdomo kuona vinavyoyumba, kwa ile pumzi iliyokuwa imebaki.

Jumapili tarehe 12 Oktoba Clovis alikuja kumwona. Nilikuwa stoo, nyuma ya pazia, natafuta chupa ya mapichi. Clovis alidhani niko bandani.

"Orrin," akasema. "Lile bamba."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mwaka ule bwawa lilipokauka nililitoa."

Nikasikia Clovis anaketi kwa kishindo. "Na umenyamaza miaka yote hii?"

"Nilikuwa na kazi nyingi."

Clovis akaanza kulia, kilio kile cha wanaume wasio na mazoezi. "Nisamehe, Orrin. Niliogopa. Nilimwona mchungaji anatoka damu, nikaogopa."

"Nilishakusamehe, Clovis. Sasa inuka, umekalia mpira wangu wa hewa."

Nilibaki stoo na chupa yangu mpaka gari lake lilipoondoka. Orrin alikuwa anatabasamu. Jumanne tarehe 14, saa kumi na moja alfajiri, alikuwa amelala upande wake wa kitanda, na hakuamka. Alikuwa na miaka sabini na sita.

Jumatano Clovis alikuja mlangoni ameshika kofia. "Arvella, niruhusu nimbebe." Nikamwambia, "Chukua kushoto, miguuni."

Naandika haya Alhamisi, mezani jikoni, lakini ninavyomjua, njiani amelalamika kwamba upande wake ni mzito. Ni mzito kweli, Clovis. Orrin alikufa na ratili mia na thelathini, na nyingi zilikuwa upande wa kichwa. Huo uzito wa miguuni ni wako. Ni ratili thelathini na sita, na umezipandisha kilima chote mwenyewe, mbele ya watu, kwa bega lako. Yeye alizibeba miaka thelathini na mitano. Wewe nimekupa yadi mia nne.

Dorsey, mwanangu, fungua kifuniko cha miguuni. Litoe. Lipitishe.

Kila mmoja atie kidole. Polepole, hakuna anayetukimbiza. Ukishatia, tazama shuka lililofunika jeneza, ni moja ya yale ya majaribio, na utafute tundu lililopita goti. Ukiliona, niite mwongo, nami nitatembea nyumbani bila viatu.

Orrin alikusamehe, Clovis. Msamaha ule ni wa Orrin, alikupa chumbani, kaa nao. Lakini ulimchafua mchana kweupe, mbele ya kaunti, kwenye pai na maharage. Mimi hukuniomba kitu. Nyuma ya pazia haihesabiki.

Mnajua desturi ya kilima hiki: waliobeba ndio wanaofukia, kwa mikono yao, na aliye miguuni kushoto ndiye anayetupa koleo la kwanza. Koleo ni lile alilojengea tuta. Nimelinoa. Ila hutalishika, Clovis, mpaka useme kwa sauti ya kufika kwenye ule mwaloni: "Nililipiga mimi, nikaligeuza mimi." Kisha kesho utachukua patasi ile ile ukarudishe mstari wa pili kwenye ubao, na bamba litaning'inia langoni, uso mbele, mkanda nyuma.

Hatuna haraka. Nimeleta kiti cha kukunja, blanketi, na kikapu cha kuku wa kukaanga. Kuku ni Clovis wa Thelathini na Sita. Safari hii sikusubiri Krismasi.

Marehemu ameacha mjane, Arvella; mtoto wa kiume, Dorsey, na mkewe Jolene; binti, Lenora; dada mmoja, Opaline, wa Turkey Run; wajukuu watano; kitukuu mmoja, Tamsin, anayecheka ukigonga chuma; mabamba mia mbili na kumi, yote yameinama kama yalivyotakiwa; na jina lake, ambalo tunalisubiri hapa.

Lala kwa amani, Orrin wangu. Ulifunga sawa.

Clovis, wewe bado.